Itika

Jina langu la kuzaliwa ni Jitka.
Mama Perisi alilionja kama mboga isiyotiwa chumvi,
akaondoa herufi moja, akapachika irabu,
akanirudishia: Itika.

Nilidhani ananiamuru.
Nikasema, "Abee,"
na ua mzima ukacheka.
Tangu siku hiyo sina jina, nina agizo.

Bomba la Nkuhungu hukohoa saa nane usiku,
Jumanne na Ijumaa.
Unasikia ndoo kabla hujasikia maji,
plastiki ikigonga saruji, nyumba kwa nyumba,
kisha Chilongani juu ya ukuta:
"Itika, yametoka!"
Madumu nayajaza nimefumba macho.
Maji yana chumvi. Birika limeota gamba jeupe ndani;
mwaka wa kwanza nilimwandikia mama kwamba hiyo ndiyo theluji yetu.
Siku hizi nalikwangua tu kwa ndimu.

Mchana niko Mpunguzi, kwenye mizabibu.
Kwetu mzabibu hulala,
miezi minne ni kijiti cheusi,
na watu nao hulala kidogo.
Huku unavunwa mara mbili kwa mwaka,
mwenye shamba na mmea wote macho.
Nilikuja kufundisha kupogoa.
Damari alisimama nyuma yangu, mkasi wake kwapani,
akatazama mistari miwili bila neno, halafu:
"Wewe unakata kama mtu anayengoja baridi."

Kweli nilikuwa naingoja.
Miaka mitatu mikono yangu iliingoja.

Sasa Juni ikija na upepo wake, vumbi hadi kwenye meno,
mimi ndiye wa kwanza kushusha koti msumarini,
na yule Mholanzi mpya wa mradi wa visima,
mikono wazi, shingo imeiva,
ananiuliza kama naumwa.

Usidhani nimefika.
Mlenda bado unanifuata hadi kwenye kiwiko.
Soko la Majengo nyanya hupanda bei zikiniona.
Nikisema "Mbukwenyi" muuzaji hucheka, hupunguza mia mbili,
mia mbili ya salamu,
mpaka siku aliponinong'oneza kuwa yeye ni Mpare wa Same
na Kigogo chake, kama changu, ni cha kuazima.
Tukatazamana.
Akairudisha ile mia mbili kwenye bei.

Uhamiaji, kila miaka miwili,
fomu inataka sababu ya kukaa.
Mstari wenyewe mfupi.
Naandika: zabibu.

Lakini mtaa una daftari lake,
la rambirambi, jalada limeng'oka,
na humo nimejisoma.
Msiba wa kwanza: Mzungu wa bati la kijani, elfu kumi.
Wa pili, au wa tatu: Itika Mzungu, elfu kumi.
Alipofariki mume wa Mama Perisi
nililala ukumbini na wanawake, mkeka mmoja watu watano,
asubuhi nikaosha masufuria kwa mchanga na majivu,
na mwenye kalamu aliandika bila kuinua kichwa:
Itika, elfu tano.
Kama wengine.
Sijawahi kupunguziwa kitu
nikatamani kulia hivyo.

Saa ya mama yangu na yangu hazijapatana.
Yeye huhesabu kuanzia usiku wa manane, mimi kuanzia jua.
Jumapili hupiga simu,
huniita jina lote, herufi zote zimekaa mahali pake,
safi, kama sahani za wageni kabatini.

Leo ameita,
nami nikasema, "Abee."

Kimya.
Kisha, kwa lugha yetu: "Umeshikwa na mafua, mwanangu?"

Nikafungua kinywa nimweleze.
Nyuma ya ukuta plastiki ikagonga saruji,
mara moja, mara ya pili,
na leo si Jumanne.
"Subiri, mama," nikasema, nikitafuta ndoo.
"Subiri. Naitwa."